Bingwa wa Kizazi cha Mia Tatu

Mezani palikuwa na kompyuta, chai iliyopoa na fomu ya benki iliyokosa sahihi moja tu. Ikitiwa sahihi hiyo, kiinua mgongo chote cha mzee wa nyumba, fundi mitambo aliyestaafu mwezi uliopita, kingenunua hisa za kiwanda cha saruji kabla ya adhuhuri.

Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa amesimama na mkoba begani. Mwana wao, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa, alikuwa akieleza kwa mara ya tatu.

"Mama, nilianza na programu elfu moja. Kila moja ina mtandao wa neva, yaani kijiubongo cha kujifunzia. Nazipa takwimu za soko, zinabashiri kama bei ya jioni itapanda au itashuka. Zinazokosea nazifuta. Zinazopatia nazizalisha, na watoto wao nawajaribu vilevile. Huyu ni bingwa wa kizazi cha mia tatu. Katika siku mia, kapatia tisini na tisa!"

"Tisini na tisa," baba akarudia, akifungua kalamu. "Hata daktari wangu hanipatii hivyo."

Mama hakucheka. Alikuwa amesahihisha mitihani miaka ishirini na sita. Darasa zima likipata tisini na tisa, yeye hapigi makofi. Hutafuta mahali mtihani ulipovujia.

"Baba Profesa, weka kalamu chini. Na wewe, siku hizo mia ni za lini?"

"Za mwaka jana."

"Yaliyopita si ndwele. Sasa ni saa tatu, soko ndiyo kwanza linafunguliwa. Huyo bingwa atuambie kama bei ya leo jioni itapanda au itashuka."

"Hiyo ni kumsukuma mlevi, mama!"

Profesa akajaza bei ya jana na ya asubuhi, akabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu: *Safu ya saba haijajazwa.*

"Safu ya saba ni nini?"

Kijana akalitazama jedwali. Uso ukamparama. "Ni bei ya kufungia."

"Ya jana?"

"Ya siku yenyewe. Niliwapa jedwali zima, mama. Sikuitoa."

Baba alikodoa macho kama aliyeona ngazi anayoipanda haikuegemea kitu. "Ngoja. Ili anibashirie bei ya jioni, lazima kwanza nimwambie bei ya jioni?"

"Ndiyo, baba."

"Huyo ni kasuku!"

Mama alivuta kiti, akaketi. "Waliojaribu kufikiri uliwafuta," alisema taratibu. "Waliochungulia majibu ukawazalisha. Vizazi mia tatu, mwanangu!"

Profesa akaiondoa safu ya saba, akaanza upya. Hadi saa saba mchana, bingwa mpya alikuwa amepatia siku hamsini na moja kati ya mia.

"Hata mimi nikirusha sarafu nitapata hizo," baba alinong'ona. Aliichana fomu vipande vinne, kisha akabaki ameduwaa, akiviangalia kama mtu aliyeponea tundu la sindano.

Profesa hakukusudia kumlaghai mtu. Lakini alitunga mtihani mwenyewe, akausimamia mwenyewe, akausahihisha mwenyewe na kumvika mshindi taji mwenyewe. Hakika, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.