Nilivyolinyamazisha Gari la Mzee Mgaya

Atakayesema naongopa aseme sasa, maana nikishaanza sitaki kukatwa. Nililinyamazisha gari la Mzee Mgaya. Ndiyo, lile lile ambalo likianza kupanda kutoka mtoni, walimu walikuwa wanaacha kufundisha mpaka lipite. Niliishia darasa la sita, mnalijua hilo na mmelisema vya kutosha. Lakini hakuna msomi hapa Njombe aliyefanya nilichofanya. Gari likipita mbele yangu nakwambia nati ipi imelegea, kwa sikio tu. Bisha.

Haya, sikilizeni, na msikilize kama watu wazima.

Mtu mmoja alikuwa na gari la zamani na binti mmoja. Gari alilinunua ujanani, na sailensa aliikata mwenyewe kwa msumeno, kwa sababu alitaka mji mzima ujue anapita. Mji ulijua. Miaka thelathini na kitu mji uliendelea kujua. Kila Jumapili baada ya ibada alimpakia mkewe, Mama Twilumba, na binti yao Twilumba, wakashika njia ya Makambako hadi kwenye misitu ya misonobari, wakageuza, wakarudi. Hakuna aliyemsikia mwenzake, kwenda wala kurudi. Mzee aliyaita hayo matembezi ya familia.

Kisha Twilumba akaposwa na watu wa Songea. Nyumba ikajaa mashangazi, wajomba, wanakamati na masufuria ya kuazima. Mahali pekee walipoweza kubaki watatu ni ndani ya gari. Zilikuwa zimebaki Jumapili nne kabla ya ndoa Mzee alipokuja gereji kwangu. Alinieleza kwamba binti yake ana neno anataka kumwambia. Anamwona kwenye kioo cha ndani: mdomo unafunguka, unafumba, halafu mtoto anageukia dirishani. Akipaza sauti yeye mwenyewe kumuuliza, binti anatikisa kichwa. Neno lenyewe si la kupigiwa kelele.

"Nataka nimsikie kabla hajaondoka," alisema.

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na kwangu kazi ni kazi. Nililivua lile bomba lote la moshi, limeoza kama mhogo wa mwaka jana, nikafunga jipya na sailensa mbili, kubwa nyuma na ndogo katikati. Likawa linanguruma kama paka aliyeshiba. Jumatatu Mzee akarudi. Bado hajamsikia.

Nikasema sawa, labda ni huku mbele. Nikabadilisha gasketi bomba linapoungana na injini, maana hapo pakivuja panapiga kama bunduki. Nikawasha, nikaweka kikombe cha chai juu ya boneti, na chai haikutikisika. Majirani wa gereji ni mashahidi. Jumatatu Mzee huyo tena. Bado.

Jamani. Wiki ya tatu nilibadilisha raba zinazoning'iniza bomba, moja baada ya moja, nikainua mazulia, nikatandika blanketi kuukuu sakafuni, nikaziba mpaka tundu la waya ambalo hata panya asingeliona. Nililala chini ya lile gari mpaka mke wangu akauliza kama nimehamia huko. Nilipomaliza, ukikaa ndani injini ikiwa inaunguruma ulisikia mshale wa saa yako ya mkononi. Jumatatu nikamwona Mzee anakuja kwa mbali, kofia mkononi, na kabla hajafika nilijua. Nilitaka kumpiga na spana.

Jumapili iliyobaki ilikuwa moja. Nikamwambia kwamba safari hii nami naenda, nikasikie hiyo kelele yake kwa masikio yangu.

Basi tukatoka kanisani. Mzee kwenye usukani, mimi kando yake, mama na binti nyuma. Gari linateleza, sijui niseme kama nini, kama halipo. Na hatujafika hata kwenye sheli ya mwisho, Mzee akaanza. Akasimulia alivyolileta gari hili kutoka Mbeya mvua ikinyesha siku mbili. Tukapita daraja, daraja likawa na kisa chake. Kona ikawa na kisa chake, na aliyewahi kuanguka pale, na shemeji wa aliyeanguka. Alikuwa anasimulia kwa sauti ile ile aliyoizoea miaka thelathini, ya mtu anayeshindana na bomba bovu, ila bomba sasa halishindani tena. Twilumba akafungua mdomo mara ya kwanza, tukawa tumefika kwenye kisa cha ng'ombe. Akafungua mara ya pili, ng'ombe akawa bado hajavuka barabara.

Mama Twilumba akaniinamia kutoka nyuma, akanigusa bega.

"Fundi, bomba la nyuma umeliziba vizuri, mwanangu. Hili la mbele utaliziba lini?"

Mzee alicheka. Alicheka peke yake kwa kitambo kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Alipandisha gari mpaka juu kwenye misonobari bila kusema kitu, akaliegesha pembeni, akazima injini, akaweka mikono miwili juu ya magoti kama mtu aliyeitwa shaurini. Kilibaki kivumo cha upepo kwenye miti.

Na huo ndio mfano. Kwa wasioelewa haraka: gari ni nyumba yako, neno la binti ni lile lile ambalo watu wako wamekaa nalo mwaka mzima, na kelele unayoitafutia fundi Jumatatu hadi Jumatatu imeshika usukani. Wewe unayecheka huko pembeni, mkeo namfahamu, usinifanye niseme.

Ningekomea hapo, na siku zote ninapokisimulia kisa hiki nakomea hapo. Watu huondoka wanamcheka Mzee Mgaya, nami naondoka fundi bora wa Njombe nzima. Lakini kuna kipande huwa nakiruka.

Pale kileleni, injini imezimwa, Mzee amenyamaza, Twilumba alisogea mbele kidogo kwenye kiti. Nilimwona. Akashika mgongo wa kiti cha baba yake kwa mikono miwili. Akasema, "Baba."

Na mimi hapo hapo nikasema, "Mzee, sikiliza."

Mnajua bomba la moto likipoa hulia, tik, tik, kama kuku anadonoa bati. Langu lilikuwa halilii. Wiki tatu nalala chini ya gari lile, na sasa hata lile tik halipo, na hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi. Nikawaeleza. Nikawaeleza kwamba fundi wa mjini asingeweza, nikawaeleza aina ya raba, nikawaeleza habari ya blanketi. Sijui niliongea kwa muda gani. Nilipogeuka nyuma kuona kama wamefurahi, Mama Twilumba alikuwa ananitazama tu, na binti alikuwa ameshageukia dirishani. Mzee akamwita jina. Akajibu kwamba si kitu, Baba, twende, wageni wanasubiri. Jumamosi akaolewa, Jumapili akapelekwa Songea.

Jumatatu Mzee alikuja gereji, kofia mkononi. Nilidhani analalamika tena. Hakulalamika, aliisifu kazi. Akasema amempigia simu binti yake, na binti anasema halikuwa neno, limeshapita. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kwa kuwa mimi ndiye mwenye sikio.

"Fundi, pale juu, baada ya kusema 'Baba', alisema nini?"

Nati iliyolegea naisikia kutoka ng'ambo ya barabara. Hilo sikulisikia. Nilikuwa naongea.