Nungunungu na Mishubiri Isiyoisha

Paukwa.

Pakawa.

Mnaitikia kama watu waliokula uji wa jana. Paukwa.

Pakawa.

Naam, sasa kaeni. Ngano hii wako wengine wanaoisimulia, lakini wanaisimulia vibaya.

Hapo kale, kale yenyewe hasa, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kutoa mahari, paliondokea Nungunungu na mkewe Bi Nungu, na watoto wao wanne. Walikuwa na ua mpana. Katika ua ule Nungunungu akapanda mshubiri mmoja.

Mmoja tu, jamani. Mshubiri ukazaa vitoto. Vitoto vikazaa vitoto. Vitoto vya vitoto navyo havikuona haya. Mwaka wa tatu, mtu akitaka kwenda chooni hupita upandeupande, na akirudi ana mikwaruzo.

"Baba watoto," akasema Bi Nungu, "ua huu nataka kupanda viazi vitamu. Watoto wanne hawashibi kwa majani machungu."

"Ile ni dawa, mke wangu. Inatibu magonjwa tisini na tisa."

"Basi yamalize yote tisini na tisa kabla ya vuli. Mvua ikianguka na shubiri ingali hapa, mimi na wanangu tunahamia kwa mama."

Nungunungu alimjua mkewe: hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Moyo ukamwenda mbio, maana alimpenda, na kupika hakujua. Lakini kuing'oa mishubiri na kuitupa jalalani? Yeye aliyeisifu barazani miaka mitatu? Angechekwa hata na konokono. Akawaza, akawazua, akapata hila. Ataigawa, na wala hatasema kuwa imemzidi. Atasema ni zawadi.

Akang'oa mishubiri kikapu tele, akaenda kwa Kima. Akamkuta Kima anapuliza kiganja. Alikuwa ameiba muhogo wa watu ungali motoni.

"Pole, jirani," akasema Nungunungu. "Nimekuletea mche adimu. Nimeurithi kwa babu."

"Mbona nauona umejaa mpaka njiani kwako?"

"Ule wa njiani ni binamu yake. Wenyewe ndio huu."

Akavunja jani, akampaka ule ute. Kiganja kikapoa. Kima akashukuru sana, na Nungunungu akamwachia kikapu kizima.

Siku ya pili akajaza kikapu kingine, akaenda kwa Mama Mbuzi. Huko akakuta mtoto wa kiume ameota ndevu, amepiga magoti, ananyonya.

"Huyu nimwachishe vipi, Baba Nungu?" akalalamika Mama Mbuzi. "Juzi alitaka kuoa, akaja kwanza kunyonya."

"Nimekuletea mche adimu. Nimeurithi kwa babu. Jipake utomvu wake kwenye chuchu, kama wafanyavyo kina mama wote wenye akili."

Mama Mbuzi akajipaka. Mwana akaja, akanyonya funda moja, akakunja uso, akamtazama mama yake kama anayemtazama mgeni. Kisha akaenda kula majani, na ziwa la mama hakulirudia tena. Kikapu cha pili kikabaki huko.

Siku ya tatu akaenda kwa Punda, aliyekuwa na kidonda mgongoni kwa kubeba mizigo. "Nimekuletea mche adimu," akaanza.

"Umeurithi kwa babu," Punda akamalizia. "Kima ameshanihadithia. Paka upesi, mgongo unaniwasha."

Akampaka. Kidonda kikatulia. Na kikapu cha tatu kikabaki huko.

Nungunungu akarudi kwake anatembea kama bwana harusi. Ua ulikuwa umebaki na mishubiri michache tu. "Andaa mbegu zako, mke wangu," akasema. "Mwanamume akiahidi, ameahidi." Bi Nungu akatazama ua, akamtazama mumewe.

Lakini ninyi mnaijua desturi. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mchuzi kwenye bakuli, bakuli hulirudishi likiwa jeupe. Utatia hata ndimu mbili. Asiyefanya hivyo hana wazazi.

Mwezi haujaandama mara mbili, Kima akabisha hodi na kikapu kichwani. Ndani? Mishubiri, imejaa hadi kishikioni.

"Imezaa," akasema Kima. "Nikasema, aliyenipa kitu adimu nimrudishie kitu adimu."

Nungunungu angesema nini? Aseme anayo tele? Basi si adimu. Akatae? Kukataa kikapu cha shukrani ni kumtukana jirani. Akapokea. "Ahsante, jirani, umenisitiri."

Kesho yake Mama Mbuzi. Kikapu kimejaa, na mwanawe nyuma amebeba kingine. "Ahsante, jirani, umenisitiri."

Kesho kutwa akaja Punda na matenga mawili, moja kila ubavu. "Na wa porini nimekuongezea," akasema Punda. "Binamu zake wale."

Ua ukajaa kuliko ulivyokuwa. Juu, mawingu yakakusanyika meusi. Bi Nungu akaingia ndani, akatoka na furushi, na watoto wanne wakimfuata kwa mstari.

"Shemeji Punda," akasema kwa upole, "ukirudi si unapita kwa mama? Nisaidie na huu mzigo."

Punda, asiyejua kitu, akainamisha mgongo. Furushi likafungwa. Tone la kwanza la mvua likamwangukia Nungunungu puani.

Miiba ikamsimama mwili mzima. Akameza mate, nayo yalikuwa machungu kuliko shubiri.

"Punda, usiondoke," akasema. "Nilidanganya. Mche si adimu. Babu yangu hata hakuujua. Ulinizidi, ndipo nikaja kuwatwisha. Na sasa mke wangu anaondoka."

Punda akacheka mpaka furushi likaanguka. "Ewe Nungu, hata sisi umetuzidi. Mama Mbuzi halali, umejaa mpaka kitandani kwake. Lakini ulivyousifu, nani angethubutu kukwambia hautaki?"

Akanyanyua kichwa, akalia kwa sauti yake ile, mtaa mzima ukasikia. Kima akaja na jembe, Mama Mbuzi na mwanawe wakaja. Wakaing'oa mishubiri yote mvua ikiwanyea, wakaipanda kando ya mashamba yao kuwa ua wa kuzuia ngiri. Ngiri akiuma mara moja harudi mara ya pili. Bi Nungu akaachiwa miwili mlangoni, ya kuungua na ya vidonda. Pengine pote akachomeka marando ya viazi.

Walipokuwa wakinawa mikono, Kima akasema, "Mimi nilikuwa nimekuwekea mkungu wa ndizi zilizoiva. Nikasema, mtu wa vitu adimu nitampaje ndizi. Tukazila."

"Na mimi kibuyu cha maziwa," akasema Mama Mbuzi. "Si mtoto hanyonyi tena? Yalizidi. Nikaona aibu kukuletea, nikampa Fisi."

"Mimi mahindi, debe zima," akasema Punda. "Usiniulize yako wapi."

Watoto wanne wakageuka kwa pamoja, wakamtazama baba yao. Bi Nungu akafungua furushi lake taratibu, akatoa sufuria, akampa mumewe.

"Kachote maji, baba watoto," akasema. "Viazi vitachukua miezi minne. Leo tutakunywa maji, na wewe utatusimulia habari za babu yako."

Basi, enyi wasikilizaji, mwenye mzigo na aseme ni mzigo, atasaidiwa kuutua. Akiuita zawadi, atarudishiwa, tena pamoja na nyongeza.

Ngano yangu nimeifunga hapa. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi, nimeuzoea.