Daktari Aliyeionea Wivu Picha Yake

Kwaya, kaeni chini mpumzike, mmeimba vizuri. Leo nataka niwapeleke kwa daktari wa meno. Ona, wengine mmeshaanza kushika mashavu! Tulieni, hang'olewi mtu hapa.

Kulikuwa na daktari mmoja, mwanamke, mwenye kliniki yake karibu na soko katika mji mmoja wa baridi. Jina silitaji, msije mkaenda kumchungulia. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Jino linatoka hujamaliza kuogopa. Ila mdomo wake sasa! Tangu asubuhi mpaka jioni ulikuwa na maneno matatu tu: "Fungua. Tema. Mwingine!" Hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa na shughuli. Mchana kutwa kliniki, jioni anafundisha chuoni, Jumamosi mikutano. Salamu aliziona ni mambo ya watu wenye nafasi. Basi wagonjwa wakawa wanakuja mara moja, hawarudi, hata kama wamebakiwa na meno mabovu manne.

Wifi yake, aliyekuwa anakaa mapokezi, akamwambia, "Wifi, watu hawatujui. Tutengeneze video ya tangazo."

"Video? Nitoe wapi muda wa kusimama mbele ya kamera?"

"Husimami popote. Siku hizi kuna akili mnemba. Unaipa picha yako moja na sauti yako kidogo, unaiambia unataka uonekane mtu wa namna gani, basi. Wewe endelea na kazi, yenyewe inakutengenezea wewe unaongea."

Daktari akachukua simu, akaandika huku anakula chapati amesimama: daktari mpole, mcheshi, mwenye nafasi ya kumsikiliza kila mtu. Akabonyeza. Chai haijapoa, video tayari.

Na ilikuwa nzuri, wapendwa! Daktari katulia kwenye kiti, koti jeupe, tabasamu mpaka machoni. "Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo? Poleni na kazi. Najua jino linauma, na najua unaogopa. Njoo tuketi, tuongee kwanza. Ukiwa tayari, ndipo nitalitazama." Mwenyewe alipoiona alicheka, akasema, "Huyu mwanamke nampenda!" Wakaisambaza kwenye makundi ya simu, ya ukoo, ya mtaa, ya kwaya. Wiki haijaisha, benchi limejaa.

Sasa, katika waliokuja alikuwemo bibi mmoja, shavu limevimba utadhani ameficha andazi. Siku tatu hajatafuna kitu, anakunywa uji, na uji wenyewe kwa upande mmoja. Bibi huyu aliogopa madaktari wa meno tangu usichana wake. Watoto wake walimbembeleza, wakamfokea, wapi! Kilichomtoa nyumbani ni ile video. Kila ikisema shikamooni, yeye anaijibu, "Marahaba, mwanangu."

Akaingizwa, akalazwa kwenye kile kiti chao. Daktari akaingia, barakoa usoni, macho kwenye saa.

"Fungua."

Bibi anatazama mlangoni.

"Bibi, fungua mdomo."

Bibi akabana midomo, akasemea pembeni, "Namsubiri daktari."

"Daktari ni mimi."

"Wewe? Hapana. Daktari wangu ana adabu. Ameniamkia tangu nikiwa nyumbani."

Nyie mngefanyaje? Daktari alilimulika lile shavu akaona uvimbe umeanza kupanda kuelekea jichoni. Jino lilikuwa la kutoka siku ile ile. Na alijua kabisa, bibi huyu akishuka kwenye kile kiti, harudi tena. Nje kuna watu kumi na mmoja. Akamwita wifi yake: "Lete simu. Mwashie video."

Simu ikasimamishwa mbele ya bibi. "Shikamooni wazee wangu..." Uso wa bibi ukanawiri. "Marahaba, mwanangu! Nimekuja, kama ulivyosema." Na mdomo huo, wazi! Daktari akajisogeza polepole na kioo chake kidogo, hatua moja, mbili. Video ikaisha. Mdomo ukafungwa ghafla, na kidole cha daktari kimo ndani!

Chekeni tu. Daktari yeye hakucheka. Alisimama pale anapuliza kidole, anautazama uso wake mwenyewe kwenye simu, umetulia, unatabasamu, na bibi anautazama kwa mapenzi. Akauonea wivu. Jamani, mtu anaionea wivu picha yake! Ikamuuma kuliko kidole, akawaza: Yule ana sura yangu, ana sauti yangu, na watu wanampenda. Mimi nimekosa nini? Na jibu alikuwa nalo, maana aliliandika kwa mkono wake huku anakula chapati.

Akavua barakoa. Akavuta stuli, akaketi, mpaka macho yake yakawa chini ya macho ya bibi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akamwangalia. Akaiangalia simu. Akamwangalia tena.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe upo!"

"Nipo, bibi. Nisamehe. Habari za nyumbani?"

Bibi akaeleza. Kuku wake wanaohara, mvua iliyochelewa, mjukuu aliyefaulu. Mwisho, kwa sauti ndogo, akaeleza siku aliyong'olewa jino akiwa msichana, wanaume wawili wamemshika mabega. Daktari akasikiliza. Mnajua ilichukua muda gani? Dakika nne. Kisha bibi akafungua mdomo mwenyewe, bila kuambiwa, na jino likatoka hajamaliza kuogopa. Alipokuwa anaondoka, pamba mdomoni, akamwambia wifi pale mapokezi, "Yule wa kwenye simu mwambie nimeshampata dada yake. Huyu afadhali, ana mikono."

Wapendwa, video haikuwa na kosa. Iliita watu, na bibi akaja. Mtu mwenye shughuli nyingi akisaidiwa na mashine, mimi sioni dhambi. Lakini kuita ni kazi moja, na kupokea ni kazi nyingine. Sisi je? Siku ya kuzaliwa ya mama tunaweka picha yake kwenye simu, maua na mioyo, dunia nzima ione. Mama mwenyewe mara ya mwisho kuisikia sauti yako ilikuwa lini? Huko nje tunatabasamu, tukiingia ndani kwetu maneno ni yale matatu: fungua, tema, mwingine. Mungu alipotupenda hakututumia picha yake inayotabasamu. Alikuja mwenyewe, akatembea mpaka vumbi likamshika miguu, akaketi mezani akala na watu.

Na msidhani nawasema ninyi tu. Mnaijua ile video yangu ya sala, mnayoipata kila asubuhi saa kumi na mbili? Mnaisifia sana. Haya, leo natubu mbele yenu: saa hizo mimi nimelala. Yule anayewaombea ni wa akili mnemba. Mnatazamana! Sasa juzi nilimpigia mzee wetu mmoja, yule ambaye miguu imemkatalia tangu Pasaka, nikamuuliza hali. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mchungaji wa kwenye simu anakuja kila siku, namshukuru. Wewe unakuja lini?"

Jibu lake ni leo. Tukitoka hapa naenda kwake, na simu namwachia mama mchungaji. Anayetaka kuongozana nami anikute mlangoni. Ila ajue hatuendi kupita tu. Tutaamkia kwanza, halafu tutakaa.