Nguchiro na Kaburi la Mgomba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika chai na kupeleka watoto shule, palikuwa na mto mpana, na kila ng'ambo ya mto ilikuwa na nchi yake. Ng'ambo ya huku waliishi wanyama wadogo: nguchiro, kobe, pimbi, nungunungu. Ng'ambo ya kule waliishi wakubwa: kifaru, kiboko, nyati. Kila nchi ilikuwa na chuo chake, na vyuo hivyo vilichukiana! Jamani, vilichukiana hasa, na sababu yenyewe mpira tu.

Mnacheka? Chekeni. Hadithi hii ina vichekesho vyake, lakini mwisho wake mimi siupendi, nawaambia mapema.

Basi, upande wa wadogo alikuwapo kijana mmoja, Nguchiro, mwepesi wa miguu na wa maneno. Aliishi na mama yake. Baba alishachukuliwa na mwewe zamani, hata mfupa haukurudi. Na mama alikuwa mgonjwa wa kifua. Akicheka, kho! kho! Akipuliza moto, kho! kho! kho!

Chuo cha wadogo kilifundisha kusuka mikeka na kuchimba mashimo, basi. Udaktari ulifundishwa kule kwa wakubwa.

"Mama," alisema Nguchiro, "mimi navuka nikasome udaktari. Nikirudi, hicho kikohozi nakipa talaka."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Nenda, baba. Lakini kaulize ada kwanza. Wale hawatoi kitu bure."

Nguchiro akavuka. Ofisini alimkuta Mzee Kiboko, mhasibu wa chuo, amejaa kitini mpaka kiti kinalia kwii, kwii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenyeji au mgeni?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ebo! Mwenyeji analipa debe moja la mtama kwa mwaka. Mgeni analipa ghala zima."

"Ghala zima! Mgeni anafundishwa na mwalimu mwingine?"

"Mwalimu ni yuleyule."

"Anakalia dawati la dhahabu?"

"Dawati ni lilelile, na wewe usinichoshe!"

"Basi mzee, mwenyeji ni nani?"

Kiboko akajifuta jasho. "Mwenyeji ni yule aliyezika mzazi wake upande huu. Ndiyo desturi yetu. Mama yako au baba yako akilala kwenye udongo wetu, wewe ni wetu. Una kaburi hapa?"

Nguchiro hakuwa na kaburi. Alirudi nyumbani kichwa chini, akakaa jikoni, akawa anachokoachokoa moto. Mwisho mama akamwambia, "Sema, utaumaliza moto wangu."

"Mama, nataka kukuzika."

"Ala! Mbona mapema?"

Akamweleza yote. Mama alicheka, akakohoa, akacheka tena. Nguchiro alizijua hila kwa sababu alizinyonya kwa huyu mama, msidhani alizitoa kwingine.

"Nizike, mwanangu," alisema. "Lakini fahamu, nikishakufa kule siwezi kuja kukutembelea. Marehemu hatembei."

"Ni miaka michache tu, mama."

"Haya. Ila nizike vizuri. Usiniaibishe."

Basi Nguchiro akang'oa mgomba na mizizi yake, akauvika sanda, akaupakia mtumbwini. Alipofika kivukoni upande wa wakubwa akajipaka kitunguu machoni, akapiga ukelele, "Uwiii! Mama wee! Mama yangu alikuwa ananisindikiza chuoni, amefia hapa hapa!"

Wakubwa wakaja mbio, ardhi inatikisika. Kaka Nyati, nahodha wa timu ya mpira, akambeba marehemu begani.

"Mbona anachuruzika maji?" akauliza.

"Si tumevuka mto, kaka!"

"Ah, kweli. Pole sana."

Kaburi likachimbwa kwa pembe. Bwana Kifaru, mkuu wa chuo, akatoa hotuba ndefu juu ya mama ambaye hajapata kumwona. Mzee Kiboko alilia kwa sauti, bu! bu! bu! Wakapika, wakala, wakakesha naye matangani, wakamletea rambirambi. Mpaka Nguchiro mwenyewe akaona huzuni kidogo, akajiuliza kitunguu kimezidi au vipi.

Siku ya kuondoa matanga, Kiboko akamshika mkono. "Debe moja, mwanangu. Wewe sasa ni wetu."

Hila imekubali! Nguchiro akasoma, na alisoma kweli, sitamsingizia. Kule kaburini mgomba ukachipua. Wakubwa walistaajabu. "Tazama," wakasema, "mama yake bado anamlisha." Mzee Kiboko alikuwa akipita hapo kila jioni kuchuma ndizi, na kabla hajachuma anasema, "Shikamoo, mama." Heshima hiyo!

Sasa sikilizeni habari ya mpira.

Kila mwaka vyuo viwili vilicheza upande wa wakubwa, na kila mwaka wakubwa walitoa kinyago chao cha kuchekesha mashabiki. Kinyago chenyewe kilikuwa cha mnyama mdogo, macho makengeza, nguo viraka, kamba shingoni. Walikijaza nyasi, wakakiburuta kuzunguka uwanja huku wakiimba, "Wadogo, rudini shimoni! Wadogo, rudini shimoni!"

Kila mwaka wadogo walilalamika. Wakati huu Mwalimu Kobe, mkuu wa chuo chao, alivuka mwenyewe kuja kusema.

"Bwana Kifaru, kiondoeni kinyago kile. Ni tusi."

"Ni utani wa michezo, mwalimu. Mbona mna hasira za karibu?"

"Sawa. Basi na sisi tunatengeneza kinyago cha kifaru mwenye pembe ya muhogo wa kuchemsha."

"Thubutu!" Kifaru akapiga mguu chini, puu! "Hilo sasa ni tusi!"

Wakaachana hivyo hivyo, kila mmoja amenuna.

Siku ya mechi ilipokaribia, Kaka Nyati akamfuata Nguchiro. Kiboko naye alikuwa palepale, anamenya ndizi.

"Kinyago cha nyasi hakiruki wala hakichezi," alisema Nyati. "Mwaka huu tunataka kinachotembea. Na upande huu mdogo ni wewe peke yako. Utaenea ndani yake."

"Mimi? Hapana, kaka. Nina mtihani wa mwisho."

"Mtihani ni baada ya mechi. Mbona unatetemeka? Unawaonea huruma wale?"

Kiboko akaacha kumenya ndizi. "Eti, Nguchiro? Wewe si mwenyeji?"

Angejibu nini? Akisema hapana, wataanza kuuliza, na wakiuliza sana watachimba. "Mwenyeji kabisa, mzee," alisema. "Leteni hicho kinyago."

Siku ya mechi uwanja ulijaa pomoni, wakubwa huku, wadogo kule. Ngoma zinalia, tindi! tindi! Nguchiro akatolewa ndani ya kinyago, kamba shingoni, Nyati anavuta. "Wadogo, rudini shimoni!" Akianguka wanacheka, akiinuka wanacheka zaidi. Akiwa ndani mle alisikia joto na harufu ya nyasi kuukuu, na kila wimbo ulipoimbwa aliona aibu, kwa sababu shimo linaloimbwa ndimo alimozaliwa.

Mara, kutoka upande wa wadogo, akasikia: kho! kho! kho!

Alikuwa mama. Alikuwa na hamu ya kumwona mwanawe miaka yote hiyo, akavumilia, akashindwa. Alijifunika shuka, akajichanganya na mashabiki, akasema moyoni, nitamwona kwa mbali tu halafu nirudi. Alimtafuta miongoni mwa wanafunzi, hakumwona. Halafu Nyati akavuta kamba kwa nguvu, kinyago kikaanguka, puu! Kikainuka kwa kuruka upande, mguu wa kushoto kwanza. Mama aliujua mruko huo. Yeye ndiye aliyemfundisha, uani kwao, Nguchiro akiwa mtoto mdogo.

Akasahau yote. Akaingia uwanjani mbio, shuka limemwanguka. "Mwachieni! Mnamnyonga! Mwachieni mwanangu!"

Ngoma zikanyamaza. Mzee Kiboko akashuka jukwaani, tui, tui, tui, akasimama mbele yake.

"Mama, unasema huyu ni mwanao? Huyu mama yake tulimzika wenyewe. Nililia mimi kwa macho haya." Akageuka. "Nguchiro, vua kinyago. Unamjua mama huyu?"

Wanangu, mngesema nini ninyi? Akisema ndiyo, anafukuzwa leo, anadaiwa ghala kwa kila mwaka aliosoma, na udaktari wenyewe umebaki mtihani mmoja. Bila udaktari hakuna dawa, na kifua cha mama ndicho kile, kinapanda na kushuka mbele ya macho yake. Yote haya yalikuwa kwa ajili yake!

"Simjui," alisema Nguchiro. "Mama yangu yuko pale kwenye migomba."

Mama akamtazama. Akakohoa kidogo. Kisha, yule mama, akacheka.

"Nisameheni, wazee," alisema. "Ni macho ya uzee. Mwanangu mimi hawezi kufungwa kamba akawatukana ndugu zake. Nimemfananisha."

Akainama, akailegeza kamba shingoni mwa Nguchiro. "Imekaza sana hii, watoto wa watu wataumia," alisema. Akaokota shuka lake, akaenda zake mtumbwini, anakohoa njia nzima. Hakugeuka nyuma.

Nani alishinda mechi? Msiniulize! Sijui na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba kinyago kile hakikutolewa tena. Hakuna aliyeamuru, kicheko kiliwaishia tu. Na Mzee Kiboko hakuchuma tena ndizi za pale.

Nguchiro akafanya mtihani, akafaulu. Hakungoja sherehe. Alitia chupa ya dawa ya kifua mkobani, akavuka, akaenda mbio mpaka kwao.

"Hodi! Hodi, mama! Nimekuja!"

Mlango umefungwa kwa kamba, jikoni hakuna hata majivu ya jana. Akatoka jirani, Mama Kobe, ameshika ufagio.

"Karibu, daktari," alisema polepole.

"Mama yuko wapi?"

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Sikai! Mama yuko wapi?"

"Tulimzika wakati wa mavuno. Alirudi siku ile ya mpira, akalala, kifua hakikuachia tena."

"Na hamkuniita! Mbona hamkuniita?"

"Alikataa. Tulitaka kutuma mtu, akatuzuia. Alisema ukiitwa kwenye msiba wa mama, watajua kwamba ule wa kwanza ulikuwa uongo. Alisema, mwacheni amalize."

Nguchiro akakaa chini, pale pale mlangoni. "Hakuacha neno lolote?"

Mama Kobe akazungushazungusha ufagio. "Aliacha. Alisema ukija tukuambie usilie sana. Eti ulishamlilia kule, tena vizuri, sifa zilifika mpaka huku. Alikuwa anacheka aliposema hivyo."

Alionyeshwa kaburi, nyuma ya nyumba, pale uani alipofundishwa kuruka. Akakaa kando yake. Akalia, na safari hii bila kitunguu, akalia mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyekuja kumshika bega. Matanga yaliondolewa zamani, majirani walikuwa mashambani, kila mtu na jembe lake. Ule mgomba ulililiwa na nchi nzima, lakini mama yake mwenyewe alililiwa na mwanawe peke yake.

Mwisho akaitoa chupa ya dawa mkobani, akaifungua kizibo, akaiweka juu ya udongo, karibu na kichwa, pale ambapo mgonjwa angeweza kuifikia.

Haya, niacheni nifute macho, na ninyi msinitazame hivyo. Neno langu kwenu ni hili: werevu unaokufanya umkane mama yako mbele za watu si werevu, wanangu, ni hasara.