Matetea wa Kanga na Mkeka wa Baraza

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitika kama watu waliokula uji wa jana. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na mwenye kutafuna atafune kwa adabu.

Hapo zamani za kale wanyama na ndege walicheza kriketi. Mmoja anarusha mpira. Mwenziwe anaupiga kwa kibao. Akiupiga, anakimbia. Nyuma yake vimesimama vijiti vitatu, vikiangushwa, katoka. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, katoka. Wapigaji ni wawili, mmoja huku, mmoja kule, na wakikimbia wanapishana. Kriketi yote ndiyo hiyo. Wanaoifanya ngumu wana lao. Na usiniulize ndege anashikaje kibao. Anakishika.

Mchezo ulikuwa na Baraza lake. Nyati alikuwa na kiti barazani. Pundamilia alikuwa na kiti. Nyani alikuwa na kiti, ingawa hakutulia juu yake. Mwewe naye alikuwa na kiti. Wadogo kama kwale walikaa mkekani. Wanasikia, wanasema, kura hawapigi. Lakini wa kitini na wa mkekani wote ni wanachama, na sheria kubwa ya Baraza ilikuwa moja: kiwanja cha mwanachama hakiwindwi. Simba akipita kando, anapita. Mwewe akipita juu, anapita.

Kanga hawakuwa wanachama. Hata mkeka hawakuwa nao.

Mkubwa wa kanga alikuwa Jumbe Madoa. Zamani alikuwa na mke, Bi Mwanaidi, mdakaji hodari kuliko majogoo wote. Siku moja mpira ulipigwa juu, juu, juu. Bi Mwanaidi akauendea. Macho yake kwenye mpira. Mwewe akatokea upande wa jua. Vuuu! Mpira ukaanguka chini peke yake. Pu.

Jumbe Madoa aliisikia ile pu. Hakuacha kuisikia.

Tangu siku hiyo akaweka desturi: tetea asikanyage kiwanjani. Matetea wakae kichakani, walalie mayai, wachakure. Majogoo ndio wacheze. Watu walisema Jumbe ni mkali. Hakuwa mkali. Alikuwa na binti.

Binti aliitwa Sikudhani. Mnadhani alikaa akachakura? Aliwakusanya matetea wenziwe kumi, wakachonga vibao vyao, wakacheza humo humo kichakani. Mahali pa miiba, pamebanana, humwoni mwenzio aliye hatua kumi. Kwa hiyo wakajifunza kuitana. Mpira ukipigwa, mmoja anaita "Che-kwe, che-kwe", maana yake njoo. Akinyamaza, baki. Mpira wakaupiga chini chini, usipae. Miaka mitatu walicheza hivyo, na kichaka kikawa na njia kama nyumba yenye vyumba.

Basi Jumbe akapeleka maombi barazani. Hakutaka ukubwa. Alitaka ile sheria. Alitaka anga juu ya watu wake liwe anga tu.

Baraza likajibu: kwanza, kiwanja kipimwe. Pili, timu ziwe mbili, ya majogoo kumi na mmoja na ya matetea kumi na mmoja. Bi Korongo atakuja kukagua. Matetea wa kwale watacheza na matetea wenu, naye atatazama.

Sikudhani aliposikia alimwendea baba yake mbio, akamwambia kuwa timu ipo, tena kamili, iko tayari hata kesho. Jumbe akasema hapana. Akamwambia amelifikiria jambo hilo na dawa anayo.

Dawa yenyewe ni hii. Kanga jike ana madoa. Kanga dume ana madoa. Jike ana kipembe kichwani, dume ana kipembe kichwani. Waweke pamoja, mgeni hawatofautishi. Jumbe akachagua majogoo kumi na mmoja wembamba, akawaambia: ninyi leo ni matetea. Chezeni, msifungue mdomo.

Sikudhani akasema, "Baba, unawadanganya watu tunaotaka kuketi nao."

"Mama yako alikwenda kudaka mpira mmoja tu, mwanangu. Mmoja."

Sikudhani akarudi kichakani. Kuna maneno mtoto hayajibu, hata kama jibu analo.

Siku ikafika. Bi Korongo akaja, mzee wa miguu mirefu, na daftari kwapani. Akapima kiwanja kwa hatua zake. Tiki, tiki, tiki, kutoka vijiti hivi mpaka vijiti vile. Akasema kiwanja ni kizuri. Akakaa kivulini. Kwale wakaingia na mrushaji wao, Bi Chausiku, mfupi, mnene, mwenye maneno.

Wale matetea wa uongo wakashika vibao.

Mpira wa kwanza, pa! Ukaenda mbali. Mmoja akakimbia, mwenziwe akabaki. Vijiti puta. Katoka. Mpira wa pili, pa! Wote wawili wakakimbia, wakagongana katikati, gubu! Katoka. Mpira wa tatu, pa! Kila mmoja akamngoja mwenzake. Mmoja akaondoka akiwa amechelewa. Katoka.

Bi Chausiku akasema wenyeji hawa wanacheza kama wake wenza.

Bi Korongo akamwita Jumbe, akamwuliza mbona wanawake wake hawasemezani. Jumbe akajibu kuwa matetea wa kanga wamelelewa vizuri, ni wapole, hawapazi sauti.

Bi Korongo akamtazama kwa jicho moja, kama korongo anavyotazama. "Jumbe, mimi nimeishi na majirani kanga miaka thelathini. Tetea wa kanga ananiamsha kila alfajiri. Hebu waite waitane."

Sasa hapo ndipo kosa la Jumbe lilipolala. Kanga huogopa jicho la mwewe maisha yake yote, hata anasahau kuwa walimwengu wana masikio. Tetea wa kanga huita mara mbili, che-kwe, inapanda. Jogoo hawezi. Jogoo ana sauti moja, basi.

Mpigaji akafungua mdomo. "Che," akasema. Mwenziwe akajibu, "Che. Che."

Bi Korongo akafunga daftari. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Akainuka, akakung'uta mabawa, akaanza kwenda zake, na mkeka wa kanga ukawa unakwenda naye.

"Che-kwe! Che-kwe!"

Sauti ikatoka kichakani. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Kichaka kizima kikaita. Sikudhani akatoka na kibao chake begani. Nyuma yake matetea kumi, vumbi la kichakani bado mgongoni. Miaka mingi jua halijawaona wakiwa wamesimama pamoja. Walikunja macho kwa mwanga.

Sikudhani hakumwendea Bi Korongo. Alimwendea baba yake. Akamwambia polepole, lakini watu wakasikia: "Baba, unaliombea anga lisinidhuru. Anga lenyewe sijaliona."

Jumbe akatazama chini. Akatazama juu. Juu kulikuwa na kidoa cheusi kinazunguka. Mwewe naye anajua siku za mchezo, na kiwanja hiki hakikuwa cha mwanachama bado.

Jumbe hakusema ndiyo. Baba wengine ndiyo haiwatoki kooni. Alifanya hivi: aliwaita majogoo wote, wale wa kweli na wale wa uongo, akawapanga kuzunguka ukingo wa kiwanja, bega kwa bega, vichwa juu. Akawaambia kazi yenu ni anga. Akaenda akasimama nao.

Bi Korongo akarudi kukaa. Akawauliza kwale kama wanakubali kuanza upya. Bi Chausiku akasema wao walikuja kucheza na matetea, na hao waliowatoa mwanzo wamewatoa bure, waanze.

Ikaanza. Pa! "Che-kwe!" Wakapishana. Pa! Kimya, wakabaki. Pa! "Che-kwe, che-kwe!" Mara mbili, wakapishana. Mpira ulipita chini ya majani kama panya. Wakapata mikimbio arobaini kabla wote hawajatoka. Kwale wakapiga nao, hawakuwa wavivu. Wakafika thelathini na tisa, amebaki mpigaji wao wa mwisho, Bi Chausiku mwenyewe.

Na kila kidoa cheusi kiliposhuka kidogo, ukingo mzima ulilia "che, che, che, che", kelele ya kutoboa masikio, nacho kikapanda tena. Mwewe hapendi kutangazwa.

Bi Chausiku akapiga. Paa! Mpira ukapaa. Juu, juu, juu.

Matetea wote wakaganda. Mipira ya kichakani haipai. Hakuna aliyewahi kuona mpira ukikaa angani muda mrefu namna ile. Sikudhani akauona. Akaanza kurudi nyuma, macho juu, kama mama yake. Na kidoa cheusi nacho kikageukia upande wa jua.

Jumbe Madoa akafungua mdomo. Kila mtu alijua atakalosema. Atasema acha. Atasema rudi, mwanangu, rudi.

"Daka, mwanangu," akasema. "Wewe tazama mpira. Huko juu nipo mimi."

Akaruka. Kanga si ndege wa kuruka, mnamjua, anaruka kama gunia. Lakini aliruka, na majogoo wote wakaruka naye, furufuru, furufuru, wingu zima la madoa na kelele baina ya jua na binti yake. Mwewe akashuka, akakutana na mabawa mia moja, hakujua amkamate nani. Akapinda, akaenda zake akajitafutie panya.

Mpira ukashuka.

Hakukusikika pu.

Bi Korongo alikuwa ameshaandika kabla mpira haujashuka. Aliandika kuwa kanga walidanganya asubuhi wakasema kweli jioni, na kuwa wapewe mkeka. Kiti kitajadiliwa, nao wasiharakishe. Siku ya kikao cha kwanza Mwewe alikuwepo kitini, akajikohoza, akasema karibuni. Mkeka ulikuwa na nafasi ya mmoja. Jumbe Madoa akaukunjua, akaupangusa kwa bawa, akasogea pembeni ili Sikudhani akae.

Nanyi mlio nyuma mnaojifanya mmesinzia, maana yake ndiyo hii: umpendaye usimfungie ndani, mwache atoke, umlinde akiwa nje. Na ukiomba kuketi na wenzio, nenda na watu wako wote, usiazime sura.

Hadithi yangu imeishia hapo, mkekani, alipokaa Sikudhani. Anayetaka kiti akamwulize Nyati.