Mkono Uliofunga

"Mkono uliofunga ndio uliojua." Ndivyo Bi Sauda alivyomwambia yule mwashi asubuhi, mlipokuwa mmesimama mkitazama ukuta wa choo cha shule ulioanguka. Mwashi aliinama, akaokota kipande cha ukuta, akakisaga kwa vidole kikawa vumbi, kisha akaondoka. Nanyi mmenifuata mkitaka kujua kwa nini mtu mzima ananyamazishwa na maneno manne.

Kaeni basi. Maneno hayo hayakuanzia kwenye ukuta. Yalianzia kwenye gari, kule Mombo, pale barabara ya kupanda Lushoto inapoachana na barabara kuu.

Hapo palikuwa na fundi wa magari aliyeitwa Kaoneka. Hakusomea ufundi chuoni. Aliupata kwa kutazama na kukosea, akatazama tena. Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kugusa kifaa kipya, alinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka grisi yote iishe, akaikausha juani, ndipo akakishika kifaa na kukipapasa kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. "Macho husoma boksi," alikuwa akisema. "Kidole husoma kitu." Na kwa kweli kidole chake kilikuwa hakikosei.

Lakini siku hizo wenye magari walikuwa wameacha kuwaamini mafundi. Fundi akikuelekeza duka fulani la spea, ilijulikana kwamba mwenye duka atamwekea cha juu, na wewe ndiye utakayekilipa bila kukiona. Basi watu wakajiwekea desturi: spea anatafuta mwenye gari, fundi anafunga na kulipwa ufundi wake. Mafundi nao wakajiwekea yao: kifaa cha mteja hakisemwi. Kaoneka aliwahi kuivunja desturi hiyo mara moja tu. Alimwambia mwenye lori la mbao kwamba mkanda wa injini aliouleta ulikuwa feki. Yule bwana alitoka akatangaza kijiweni kwamba Kaoneka ana duka lake mfukoni, na kwa miezi miwili hakuna aliyesimamisha gari pale gereji. Tangu hapo Kaoneka akawa ananawa, anapapasa, anajua, na anafunga. Nyingi zilikuwa taa, honi na vioo vya pembeni. Kioo kibovu hakimuui mtu, na yeye alijifariji hivyo.

Miongoni mwa wateja wake alikuwapo Mwalimu Singano, aliyemfundisha Kaoneka kusoma, darasa la kwanza. Alipostaafu, Mwalimu alinunua pikapu iliyokwisha kutumika, ya kuteremshia matunda kutoka shambani kwake, juu ya Soni, mpaka kwa wachuuzi wa Mombo. Mkewe, Bi Kupaza, alikaa kushoto kwake kila safari, kikapu katikati ya miguu. Bi Kupaza alikuwa amezipa kona za barabara ile majina. Kulikuwa na kona ya mparachichi, kona ya karani, na kona ya mama mkwe, ambayo aliiita hivyo kwa sababu unaikuta imekwisha kukugeukia kabla hujajiandaa. Wakifika gereji alimpa Kaoneka matunda damu, yale mekundu ya huko milimani, ndani ya mfuko, akisema, "Kula, mwanangu, upate kunuka kitu kingine zaidi ya dizeli."

Mwaka mmoja, matunda damu yalipoanza kuiva, Mwalimu Singano alishuka na pikapu ambayo breki zake za mbele zilikuwa zikilia. Mkononi alikuwa na boksi jipya la pedi, vile vibao vinavyobana diski ili gurudumu lisimame. Alikuwa amezinunua Korogwe, kwa mtu aliyetandaza spea zake barazani, kwa nusu ya bei ya dukani. Alikaa kwenye benchi pamoja na madereva wawili waliokuwa wakisubiri magari yao, akavaa miwani, akawasomea maandishi ya boksi kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma darasani. Bi Kupaza alibaki kwenye gari akimenya chungwa.

Kaoneka alinawa mikono. Alitoa pedi moja, akaipapasa. Kidole kilitoka cheusi. Akaikwaruza kwa ukucha, na ukucha ukaacha mfereji, kama kwenye mhogo uliochemshwa. Pedi nzuri haikubali ukucha.

Akainuka nayo. Kisha akasema, "Mwalimu, shikamoo tena. Hizi umezipata wapi?"

"Marahaba tena." Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Kaoneka, mwanangu. Na wewe umeanza? Niambie basi duka lako liko mtaa gani."

Wale madereva wakacheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, umemshika palepale. Hata jibu hana."

"Simwonei," Mwalimu alisema, naye akicheka. "Huyu nilimfundisha mwenyewe kujumlisha. Najua anavyojumlisha."

Ulikuwa utani, na haukuwa na sumu. Kaoneka naye alitabasamu. Lakini lile lori la mbao lilimrudia kichwani, na ile miezi miwili. Tena huyu alikuwa mwalimu wake. Mtu atamwambiaje mwalimu wake, mbele ya watu, kwamba alichokisoma kwa sauti ni uongo? Aliinama kwenye gurudumu. Akazifunga zile pedi, mbili kulia na mbili kushoto, akakaza boliti kwa utaratibu wake uleule, bila kuruka hata moja. Kazi ilikuwa safi. Fundi yeyote angeikagua asingeona kosa.

Mwalimu alipowasha gari, Kaoneka alisogea dirishani. Alitaka kusema. Bi Kupaza alimpa kipande cha chungwa, akakipokea. Kilichomtoka kinywani kikawa hiki: "Mwalimu, ukishuka na mzigo, tumia gia namba mbili. Usiitegemee sana breki."

"Nimekuelewa, fundi," Mwalimu alisema, na wakaondoka.

Wiki ya tatu baada ya hapo walipakia masanduku ya matunda damu kama kawaida, asubuhi, jua limetoka na barabara kavu. Walipita Soni salama. Mwalimu alitumia gia namba mbili kama alivyoambiwa. Lakini mteremko ni mrefu, kona zinafuatana, na gia peke yake haitoshi. Lazima mguu uguse breki, tena na tena. Bi Kupaza alikuwa wa kwanza kusikia harufu. "Baba Mbwana, kuna kitu kinaungua," alisema. Mwalimu akakanyaga. Pedeli ilikuwa ngumu chini ya mguu, kama kawaida, lakini gari halikushikika. Akakanyaga kwa miguu miwili. Akavuta breki ya mkono. Mbele yao ikatokea kona ya mama mkwe.

Kulia kulikuwa na bonde. Kushoto kulikuwa na mwamba. Hapakuwa na la tatu. Mwalimu Singano alichagua mwamba, ili wapone. Na mwamba uliwapokea upande wa kushoto, alikokaa Bi Kupaza.

Wasamaria waliofika kwanza walimkuta Mwalimu amevunjika mguu, ameushika mkono wa mkewe, akimwambia wamefika. Alikuwa akisema hivyo hivyo, "Tumefika, mama, tumefika," na matunda damu yamemwagika barabarani mpaka kona inayofuata.

Askari wa barabarani waliandika kwamba gari lilizidisha mwendo. Basi na watoto wa Mwalimu wakaamini hivyo. Hawakumsema, walikuwa watoto wenye adabu. Lakini msibani walikaa upande mmoja, na baba yao, mguu ukiwa kwenye plasta, alikaa upande mwingine, na kati yao palikuwa na nafasi ambayo hakuna mgeni aliyethubutu kuikalia. Kaoneka alikuwapo siku zote tatu. Alibeba maji, alipasua kuni. Kila mtu alimsifu kwa wema wake, na kila sifa aliipokea akiwa ameinamisha uso. Alijua kwamba angeweza kuondoa sehemu ya mzigo mgongoni kwa yule mzee kwa neno moja. Alijua pia kwamba hakuna mtu duniani aliyejua kuwa neno hilo analo. Akarudi Mombo nalo.

Ile pikapu ilikuwa imevutwa mpaka gereji kwake, ikawekwa juu ya mawe. Kwa wiki nyingi hakuigusa.

Arobaini ya Bi Kupaza ilipopita, Mwalimu Singano alishuka kwa basi, akichechemea kwa mkongojo. Kaoneka alimletea kiti. Mwalimu hakukaa.

"Nifungulie gurudumu la mbele," alisema.

Kaoneka alinawa mikono. Hakuwa na kifaa kipya cha kugusa, lakini alinawa. Akalitoa gurudumu, akazitoa pedi. Zilikuwa zimebaki mabati mawili matupu, meusi, na ungaunga uliomwagika kama makapi ya kahawa. Akaziweka kwenye kiganja cha mwalimu wake. Mwalimu alizitazama, kisha akamtazama yeye.

"Kaoneka. Nimekuletea gari hili miaka mingapi?"

"Sita, Mwalimu."

"Katika miaka hiyo sita, umewahi kuniambia nishuke na gia namba mbili?"

Kaoneka alilitazama gurudumu.

"Nimelala hospitali nikilifikiria hilo. Nikasema, huyu kijana ananijua, anajua kwamba nashuka mlima ule tangu hajaota meno. Kwa nini siku ile tu?" Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayemsaidia mtoto kufikia jibu ambalo mtoto analo tayari. "Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Kifaa hakikuwa chake, desturi ilikuwa upande wake, na aliyenunua alikuwa amesimama mbele yake na mkongojo. Badala yake alitoa kidole gumba, akakitazama.

"Nilijua, Mwalimu. Ukucha uliingia. Niliogopa utasema natafuta cha juu."

"Na nilisema."

"Ulitania."

"Nilitania, nikakufunga mdomo. Hilo ni langu, nitalibeba." Magari yalipita barabara kuu. "Watoto wangu wanadhani nilimuua mama yao kwa mwendo. Mimi mwenyewe nilikuwa naanza kudhani hivyo. Siku arobaini, Kaoneka. Ulikaa nyumbani kwangu tatu kati ya hizo."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sijui bado," Mwalimu alisema. "Sitaki kukudanganya." Akafunga pedi moja kwenye leso, na ya pili akaiweka juu ya benchi, palepale alipokuwa amekaa siku ile akisoma boksi. "Mkono ulionunua haukujua. Mkono uliofunga ndio uliojua."

Hakuyasema kwa hasira. Ndiyo maana hayakumtoka Kaoneka kichwani. Neno la hasira mtu hupata pa kulijibia.

Siku iliyofuata Kaoneka alipanda mlimani kwa miguu yake, akawaita watoto wa Mwalimu, akawaeleza yote mbele ya baba yao, bila kujipunguzia. Mtoto mkubwa, Mbwana, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akavuka ile nafasi ya katikati, akaenda kukaa karibu na baba yake. Hakuna aliyemwambia Kaoneka akae wala aondoke. Akaondoka.

Ile pedi moja aliipigilia msumari juu ya mlango wa gereji. Mteja akileta spea, Kaoneka ananawa, anapapasa, na kama ni mbaya anasema, mbele ya watu au faraghani, kwa mkubwa au kwa mdogo. Walikuwapo waliomcheka na kumuuliza duka lake liko wapi. Aliwaonyesha ile pedi mlangoni na kusema, "Mkono uliofunga ndio uliojua." Wengine walichukua vifaa vyao wakaondoka, wakafungiwa kwingine. Hakuwalaumu. Maneno yale wakayachukua madereva, wakayapandisha Lushoto na kuyashusha Tanga, yakawafikia mafundi cherehani, wapishi wa shughuli, wakunga na waashi, mpaka yakafika hapa kwetu leo asubuhi.

Mnataka kujua kama Mwalimu alimsamehe. Hilo hakuna anayelijua. Walikutana mara nyingi, maana Mombo si mji mkubwa. Kaoneka aliinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, Mwalimu." Na Mwalimu, ambaye hakuwahi kuacha salamu ya mtu ianguke chini, alijibu kila mara, "Marahaba, fundi," akaendelea na safari yake. Zamani alikuwa akimwita mwanangu.

Basi yule mwashi mliyemwona asubuhi, saruji ya ukuta ule hakuinunua yeye. Aliletewa, imekwisha kuganda mifukoni, akaivunjavunja kwa nyundo na kujengea. Bi Sauda hakuwa akimuuliza nani alinunua. Alimkumbusha tu kwamba mkono uliofunga ndio uliojua.