Mikebe Minne ya Githongo

Wahenga walituonya tusiutupe mbacha, mkeka wetu mkuukuu, kwa sababu ya msala mzuri wa mpita njia. Kiogora, mwenyekiti wa ukumbi wa Githongo, aliyasikia hayo tangu shuleni, lakini alikuwa ametia nta masikioni.

Ukumbini mlikuwa na mikebe minne ya filamu iliyopigwa hapo zamani, wachuma kahawa wenyewe wakiwa waigizaji. Kila Jumamosi, Mwalimu Makandi na wenzake wapenda filamu za kale waliipangusa mikanda hiyo kwa pamba na kuiunga ilipokatika. Bi. Igoki, ajuza wa miaka themanini, hakukosa kuja kuwatazama. Mama yake, mmoja wa waigizaji hao, alifariki bila kupigwa picha nyingine. Uso wake ulibaki humo tu.

Basi kampuni moja ikaleta nakala mpya kwenye diski, rangi zikimeremeta. Kiogora hakumwuliza mtu. Mikanda akampa Gedion, mkulima wa Timau, aitundike shambani iwatishe ndege walao ngano. Jamani, nyuso za wazazi wa watu zifukuze ndege! Makandi alipouliza ilipo, alijibiwa kwa kejeli kwamba cha zamani kimekwisha kazi.

Miezi mitatu baadaye, siku ya maonyesho, ukumbi ulifurika. Kumbe picha ilikuwa imekatwa juu na chini ili ijaze runinga pana! Mama yake Igoki alipotokea penye meza ya kuanikia kahawa, ilionekana mikono na kikapu tu.

"Mwenyekiti," Igoki alisema, "kichwa cha mama yangu umekipeleka wapi?"

Kiogora alikiri. Makandi, akitokota kwa hasira, alimwamuru waandamane hadi Timau kesho yake. Waliikuta mikanda imefungwa mitini, jua na mvua vimeifanya nyeupe pe. Makandi aliikagua mchana kutwa, akapata kipande cha urefu wa kiganja kilichofichwa na fundo.

Waliporudi ukumbini, Igoki alikiinua dirishani, akakitazama kwa kioo cha kukuzia. Akamwona mama yake mzima, kilemba na vyote. Alilia.

Ndipo Kiogora akauliza kwa unyonge, "Mwalimu, na baba yangu? Alikuwa penye mizani, akipima kahawa."

Makandi alimkabidhi bumba zima la mkanda mweupe. "Mtafute humo."

Alitafuta hadi macho yakamwuma, asimwone. Ama kweli, usitupe mbachao kwa msala upitao.